BWANA SHAMBA ANASEMA: Mikono Hii Si Yangu



Kila mwezi tunaongea juu ya kahawa. Leo tuongee juu ya mchumaji wa kahawa.

Mimi ni bwana shamba hapa Ihanda. Mwaka mmoja, wakati wa kuchuma, nilipita katika shamba la mama mmoja. Kahawa ilikuwa nyekundu kabisa. Nyingine ilikwisha anguka chini. Mwanawe, kijana mwenye nguvu, alikuwa amekaa chini ya mgomba. Alikuwa amefunga mikono yake kwa vitambaa.

"Shikamoo, bwana shamba," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona huchumi?"

"Mikono hii si yangu. Nilibadilishiwa usiku. Nikichuma nayo, kahawa itaoza."

Mama yake aliniambia kwamba alikuwa ameficha kioo cha nyumbani. Kijana akijitazama humo, anaona uso wa mtu mwingine, kisha analia. Vijana wenzake walimcheka. Waliacha kumwita jina lake. Walimwita "Mikono".

Je, kijana huyu alikuwa mwongo? Hapana. Alikuwa mgonjwa.

Ukiamka usiku katika giza, hujiulizi mguu huu ni wa nani. Ubongo wako unakujulisha kwamba ni wako. Katika magonjwa fulani ya akili, kazi hii ya ubongo huharibika. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anaweza kuamini kwamba tumboni mna nyoka, au kwamba uso wake si wake. Kwake yeye ni kweli tupu. Basi hujiuliza, "Kama mwili huu si wangu, mimi ni nani?" Hiyo ni hofu kubwa sana.

Ugonjwa mmoja wa namna hii huitwa skizofrenia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya watu 300 duniani anao. Kwa hesabu hiyo, kijiji cha watu 3,000 kinaweza kuwa na wagonjwa 10. Lakini malaria kali, kifafa, pombe na bangi pia huweza kuvuruga akili. Kwa hiyo mgonjwa lazima apimwe.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tusimcheke, tusimfunge kamba, tusimpige. Kamba haiponyi ubongo.

2. Tusibishane naye. Tena tusimkubalie kwamba amebadilishiwa mikono. Ukimkubalia, kesho atamtaja jirani. Mtu asiye na kosa anaweza kuumizwa bure. Mwambie, "Naona unaogopa. Mimi nipo hapa."

3. Tumwite kwa jina lake. Jina la kumdhihaki humwambia kwamba kweli yeye si yule wa zamani.

4. Tumpeleke mapema zahanati au hospitali. Akisema anataka kujikata au kujiua, ondoeni panga, kamba na dawa za shamba. Msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mama yule alimpeleka mwanawe hospitali. Alipewa dawa. Baada ya majuma kadhaa alifungua vile vitambaa. Tukafurahi. Lakini shida nyingine ikaja. Mikono ilianza kutetemeka. Mate yalimtoka. Alinenepa, suruali zikambana. Watu wakamcheka tena. Kijana akasema, "Dawa nazo zinanigeuza mtu mwingine." Akaziacha kwa siri. Ugonjwa ukarudi, vitambaa vikarudi.

Hapa ndipo wengi huanguka. Dawa hizi husaidia, lakini nyingine huleta kutetemeka, kukaza viungo au kunenepa. Nyingine huharibu hedhi kwa wanawake, au nguvu za kiume kwa wanaume. Mgonjwa huona aibu kusema. Aseme! Daktari anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha. Mgonjwa asiiache mwenyewe.

Tena wakulima wajue jambo hili. Dawa iitwayo klopromazini hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Anayeitumia aende shambani asubuhi mapema. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu.

Mama alirudi hospitali pamoja na mwanawe. Safari hii kijana alieleza yote. Dawa ikabadilishwa. Siku hizi anachuma kahawa, anapalilia, anapogoa. Nilimwuliza ni nini kilichomsaidia wakati ule mbaya. Akasema, "Mama aliniita jina langu kila asubuhi. Nikajua kwamba bado nipo." Kazi nayo ilimsaidia. Kila debe alilojaza, aliona kwamba ni mikono yake iliyolijaza.

Jambo hili la kazi si geni katika nchi yetu. Huko Lutindi, wilaya ya Korogwe, kuna hospitali ya wagonjwa wa akili. Imewatunza wagonjwa kwa zaidi ya miaka 100. Wagonjwa wenye nafuu hushiriki kazi za mikono na za shamba. Kazi haichukui nafasi ya dawa. Hufuatana nayo. Wala mgonjwa asilazimishwe kazi inayozidi nguvu zake.

Ndugu mkulima, mbuni ukishikwa na kutu, majani hupukutika. Hauonekani kama mbuni wa jana. Je, unauita gugu? Unaung'oa? Hapana. Unautibu, unaupogoa, unangoja. Unajua kwamba bado ni mbuni wako. Mwanao naye je?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, kuna mtu tuliyemwacha bila jina lake?
2. Nani atamsindikiza hospitali?
3. Akianza kupona, tutampa kazi gani ya kuanzia?

Tukutane mwezi ujao.