Usivunje Mlango kwa Ajili ya Ufunguo

Wako wenzetu wasemao kwamba kompyuta ikigoma, dawa yake ni kujaribu kila kitu mpaka ikubali. Mimi nilikuwa mmoja wao. Leo nayakana maneno hayo, na sababu yangu ni hii.

Katika chumba chetu cha kompyuta iko seva moja itumiayo Linux. Faili za kila kidato zimewekwa humo, nasi huzifikia kutoka mashine nyingine kwa programu iitwayo Samba, ambayo Andrew Tridgell wa Australia aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Muhula huu alikuja mwanafunzi mgeni katika Kidato cha Nne. Wenzake waliingia katika folda yao, yeye akakataliwa. Nami niliyekuwa zamu nikaandika chmod -R 777, yaani nikampa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta. Hata hivyo mgeni hakuingia. Kengele ikalia, nikaondoka bila kurudisha ruhusa za awali.

Siku ya tatu mtoto wa Kidato cha Pili, akitafuta nafasi ya picha zake, alifuta muhtasari wa Jiografia ambao Kidato cha Nne waliuandika muhula mzima. Faili iliyofutwa kwa njia ya Samba haiendi kapuni, isipokuwa seva imepangwa hivyo; yetu haikupangwa. Nakala hapakuwa nayo. Kosa si la mtoto yule; ni langu.

Basi yatupasa kuuliza kwa taratibu. Kwanza, je, mashine zasikiana? Amri ya ping itatuambia. Pili, je, Samba inafanya kazi? Tuandike systemctl status smbd. Tatu, je, mipangilio ina makosa? Tuulize testparm. Nne, je, jina na neno la siri vyakubaliwa? Tujaribu kwa smbclient. Ndipo tutazame ruhusa za folda kwa ls -l. Tena tutumie akili: ikiwa wenzake waliingia, kasoro ilikuwa ya mgeni peke yake. Jina lake lilikuwamo katika Linux, lakini Samba ina orodha yake yenyewe ya maneno ya siri, na humo hakuwamo. Amri moja tu, smbpasswd -a, ilimfungulia.

Huenda mtu akasema kwamba taratibu hizi zapoteza wakati. Na awaulize Kidato cha Nne, ambao sasa wanaandika upya kazi yao huku mtihani umekaribia.

Nashauri daftari liwekwe kando ya seva. Tubadilishe jambo moja kwa wakati, tuliandike pamoja na jina la aliyelifanya, na lisilosaidia lirudishwe papo hapo. Nakala za faili nazo zitolewe kila Ijumaa. Haraka haraka haina baraka. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo nitauandika mimi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu