Alsatian si pambo la lango

Siku hizi hapa Chepilat, mwenye kujenga nyumba ya mawe haridhiki mpaka afunge mbwa aina ya Alsatian langoni. Jamii hiyo ilisajiliwa Ujerumani mwaka 1899, ikitokana na mbwa waliochunga kondoo kutwa. Sisi twamtia mnyororo juma zima, kisha twashangaa anapomrukia mwanafunzi apitaye na vitabu vyake. Kosa ni la nani? Mwalimu mwenzangu mmoja humtembeza wake alfajiri kando ya mashamba ya chai, akimfunza kutii. Wengine hata chanjo ya kichaa cha mbwa huiona ghali, ilhali dalili za maradhi hayo zikishamtokea mtu, haponi. Asiye na wasaa na afuge mbwa wa kienyeji, amchanje. Naye hubweka vilevile usiku.