Mkata miti aulizwe ujuzi, si kibali tu

Nina dukuduku juu ya misumeno ya mnyororo, ile ambayo wengi wetu huiita chenso, na juu ya watu walioitumia zamani huku kwetu Keza, Wilaya ya Ngara.

Mara ya kwanza kuusikia msumeno huo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1978, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nilikuwa darasa la tano. Tulidhani ni pikipiki inakuja, tukakimbilia barabarani kuisubiri. Haikuja. Sauti ilikuwa ikitoka bondeni kwenye mikaratusi, na tulipoteremka tukamkuta mzee mmoja (wakati ule hakuwa mzee, ila kwetu watoto kila mwenye ndevu alikuwa mzee) ameinama na mashine ya Stihl kutoka Ujerumani, kubwa, nzito, imechubuka rangi. Tangu siku hiyo tukaiita pikipiki.

Wakati huo nchi ilikuwa imetangaza elimu ya msingi kwa watoto wote, tangu Novemba 1977, na madarasa yalitakiwa haraka. Kenchi za darasa nililomalizia shule zilitokana na miti aliyoiangusha mzee yule. Lakini chenso yake haikupasua mbao hata siku moja. Aliangusha na kukata magogo tu, kisha wapasuaji wa mkono wakachukua kazi, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, macho yamejaa unga. Alikuwa akisema kwamba chenso ni mlafi. Ni kweli, maana kila inapopita kwenye gogo inakula karibu sentimita moja ya mti ikawa vumbi. Leo wapo wanaopasua mninga kwa chenso hadi ubao wa mwisho, na hasara yote inabaki porini.

Nilimtazama sana akifanya kazi. Alizunguka mti kwanza, akitazama matawi na kusikiliza upepo. Akafyeka njia ya kukimbilia. Akakata kabari upande mti utakakoangukia, ndipo akahamia upande wa pili, na hakukata mpaka mwisho. Aliacha ukanda mwembamba wa mti uwe kama bawaba ya mlango, ukaulaza mti taratibu pale alipotaka. Sisi watoto tulisimama mbali, na aliyesogea alirushiwa kibanzi cha kichwa. Jioni alikaa na tupa la duara akinoa jino moja moja, huku akihesabu. Nimekuja kusoma baadaye kwamba Mmarekani mmoja, Joseph Buford Cox, alibuni meno ya mnyororo wa aina hiyo mwaka 1946 baada ya kumtazama funza akitafuna gogo. Nilipomweleza mzee alicheka sana, akasema funza hahitaji petroli.

Petroli ndiyo iliyomshinda. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mafuta na vipuri vilikuwa adimu, na ile Stihl ililala chini ya kitanda ndani ya gunia la katani, miezi kwa miezi. Mzee alirudi kwenye shoka bila manung'uniko.

Ndugu Mhariri, wapo wanaosema chenso ndiyo iliyomaliza miti ya Ngara. Aliyekuwepo Benaco mwaka 1994, watu zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, anajua kwamba vilima vile vilinyolewa hasa kwa panga na shoka, kwa kuwa watu walihitaji kuni za kupikia. Sioni haki kuilaumu mashine peke yake.

Jambo linaloniuma ni jingine. Siku hizi chenso ni nyepesi, na kijana yeyote anaweza kuikodi. Akienda kuvuna anaulizwa kibali cha mti, na ni sawa, Sheria ya Misitu ya 2002 ipo kwa kazi hiyo. Hakuna anayemuuliza kama anajua kuangusha mti. Mwaka jana kijana wa jirani yangu alivunjwa mguu na mkaratusi uliopasuka katikati kabla haujaanguka. Alikuwa amevaa kandambili. Aliyemleta kazini alimpa nauli ya kwenda hospitali, basi. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini kibarua wa siku moja asiye na mkataba wala jina kwenye daftari la mtu ataanzia wapi kudai?

Tunavyo vyuo, kile cha misitu cha Olmotonyi na kile cha viwanda vya misitu cha Moshi, lakini kijana wa Keza hafiki huko. Naomba wahusika wa misitu wilayani Ngara na Biharamulo, kabla ya kibali cha kuvuna kutolewa, wamtake mwombaji ataje nani atashika chenso, na huyo aonyeshe ujuzi wake kwenye mti mmoja mbele ya mtu anayejua. Wanaojua wapo vijijini. Walipwe posho ya siku mbili wafundishe. Pia anayeajiri anunue kofia ngumu, viatu na vizibo vya masikio, kwa sababu mzee wangu sasa amevuka miaka 80 na ukitaka kuzungumza naye lazima upige kelele kama uko ng'ambo ya mto.

Nimemwuliza kama atakubali kufundisha. Amesema yuko tayari hata kesho, ila vijana waje na tupa zao, la kwake limekwisha meno.

Msomaji wako,
Keza, Ngara.