Maoni Yetu: Njia ya bichi kwanza, hoteli baadaye

Sherehe za Madaraka zilipopelekwa Homa Bay Juni 1, 2025, kwa mara ya kwanza, vyumba vya kulala wageni vilitafutwa kwa tochi. Kaulimbiu ya mwaka huo ilikuwa uchumi wa buluu, na tangu hapo ukikaa na wakubwa wa kaunti dakika tano utasikia habari za hoteli za kando ya Ziwa Victoria. Migori, yenye Muhuru Bay na Sori, nayo haitaki kuachwa nyuma.

Hatupingi. Kusini mwa Nyanza kumechelewa mno kuona faida ya mgeni. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, na ndiko Mary Leakey alikochimbua fuvu la Proconsul mwaka 1948. Mfangano ina michoro ya kale maweni, Takawiri ina mchanga mweupe ambao watu wa Nairobi hudhani umo Diani peke yake. Mbuga ya Ruma, yenye kilomita 120 za mraba, ndiyo makao ya korongo, swala mkubwa ambaye Kenya nzima hapatikani porini kwingine. Kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mgeni huzizunguka, hupiga picha, kisha huondoka bila kumwachia mwenyeji hata bei ya chai. Hilo lina haja ya kurekebishwa.

Tatizo letu ni ufuo. Nenda bichi yoyote ya omena, wale dagaa wa ziwani, alfajiri, usiku wa giza ulipopita bila mbalamwezi. Boti zinaingia, taa zimezimwa, na akina mama wenye makarai wamekwisha kujipanga majini hadi magotini wakipatana bei kabla samaki hawajashuka. Saa moja baadaye omena imeanikwa juu ya nyavu kuukuu, eneo zima linang'aa kama bati. Jua likiwaka siku nzima, jioni inapimwa kwa gorogoro na kuuzwa. Mvua ikinyesha saa nane mchana, mzigo uleule unaishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo uwanja ule wa kuanikia ndio kiwanda chenyewe, na mtaji wa mama yule umelala pale chini.

Mwekezaji akifika na ramani yake haoni kiwanda. Anaona kiwanja kitupu chenye mandhari nzuri na harufu ya samaki, na harufu ndiyo ya kwanza anayotaka iondolewe.

Wala hakuna anayefukuza mtu kwa rungu. Katiba, kifungu cha 62, inasema maziwa ni ardhi ya umma. Lakini shamba lililo nyuma ya maji mara nyingi lina hatimiliki ya familia, na familia ina karo ya shule na bili ya hospitali. Inauza. Mnunuzi anaweka ua, jambo ambalo ni haki yake. Kijia ambacho watu walipita tangu enzi za babu zao hakimo kwenye ramani yoyote, basi kinakufa siku ile ile. Wavuvi wanahamishia boti bichi jirani, ambako wenyewe wamebanana, na mwenye karai anatembea mwendo wa ziada akiwa na mzigo unaochuruzika maji kichwani. Ziwa limebaki la umma. Mlango wake umekuwa wa mtu.

Wenzetu wa Pwani wanaujua wimbo huu. Kutoka Diani hadi Malindi wavuvi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba barabara za kushukia baharini zimemezwa na majengo, na kesi za ardhi huko huchosha hata wanasheria. Baada ya ukuta kusimama, kuubomoa ni kazi ya kizazi.

Waliotutangulia zaidi ni Wahispania. Benidorm ilikuwa kijiji cha wavuvi hadi miaka ya 1950, kabla ya kuamua kujenga maghorofa ya watalii. Mwaka 2024 Uhispania ilipokea wageni wapatao milioni 94, na Aprili 20 mwaka huo maelfu kwa maelfu ya wakazi wa visiwa vya Canary waliingia barabarani kulalamika kwamba kodi za nyumba zimewashinda kwa sababu ya watalii. Hata hivyo, pamoja na zogo lote hilo, sheria ya fukwe ya mwaka 1988 inasema ufuo ni mali ya umma, na hoteli ya kifahari haina ruhusa ya kumzuia mtu kutandika taulo lake mchangani. Sisi hatujafika hata robo ya wageni wao na tayari tunaanza kupoteza kile ambacho wao hawajakubali kukipoteza.

Watasema hoteli huleta kazi. Ni kweli, na tungependa kuona vijana wa Mbita wakiajiriwa jikoni na kwenye meza ya mapokezi, si kulinda lango peke yake. Lakini hesabu ya kazi ifanywe pande zote mbili. Hoteli ya vyumba ishirini ikiajiri watu huku bichi nzima ikifungwa, waliopoteza hawatatajwa kwenye hotuba ya uzinduzi, maana mchuuzi wa omena hana barua ya kuajiriwa wala ya kufutwa. Na mgeni mwenyewe atakula nini? Ngege wa kwenye sahani hakutoka kwenye friji ya mwekezaji.

Ziwa lenyewe limeshatoa onyo. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuvunja rekodi, yakameza nyumba, vyoo na mashamba ya kandokando, na mwaka 2024 yakarudi. Anayejenga ukuta karibu na maji anafunga njia ya watu na kuzamisha fedha zake kwa pamoja.

Tunachotaka si kigumu. Vikundi vya usimamizi wa bichi, vile vya BMU, vimetambuliwa na kanuni tangu 2007, ila bichi nyingi vinazozisimamia hazina hatimiliki hadi leo. Serikali za Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay na Gavana Ochillo Ayacko wa Migori zikae na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kila bichi ipimwe pamoja na njia yake na uwanja wake wa kuanikia, isajiliwe kwa jina la umma na itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali. Pale njia ilipokwisha kuuzwa, kaunti inunue ukanda wa kupita. Ni nafuu kuliko kesi. Na hadi usajili huo ukamilike, leseni ya hoteli ya ufuoni isitolewe kwa yeyote, awe mgeni au mheshimiwa.

Kazi ya upimaji ianze msimu ambao uvuvi wa omena umefungwa, kuanzia Aprili. Wakati huo wenye boti wako nchi kavu, si usingizini baada ya kukesha ziwani. Akina mama nao waitwe kwenye upimaji huo kama wenye kiwanda, kwa sababu mpima ardhi akiongozwa na wenye boti pekee atachora mahali boti inapotia nanga na kuusahau uwanja wa kuanikia.