Mambo ya Nyumbani: Babu Hasikii Televisheni

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Jioni, kule Micheweni, nyumba yenye televisheni hujaa wajukuu na majirani. Lakini babu hunung'unika: "Naona midomo, maneno siyasikii."

Kosa si la masikio yake tu. Televisheni za siku hizi ni nyembamba. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zimeelekea chini au ukutani. Ndiyo maana watu hununua saundibaa, yaani spika ndefu ya kuwekwa mbele ya televisheni.

Basi, fedha ya karafuu haiokotwi njiani. Kabla ya kwenda Wete au Chake Chake, tazameni nyuma ya televisheni yenu. Je, pana tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au lile dogo la waya wa sauti? Spika isiyolingana na tundu hilo itakuwa pambo tu.

Dukani, msidanganywe na wati nyingi zilizoandikwa juu ya boksi, wala na mshindo wa sabufa. Mwombeni mwenye duka awawekee taarifa ya habari, si muziki. Mkisikia kila neno kwa sauti ya kadiri, nunueni, na risiti mwitunze.

Tena, mchukueni babu mwende naye. Vijana hupenda mshindo, lakini asiyesikia hukaa peke yake katikati ya watu. Masikio yake ndiyo kipimo.