Changamoto za daktari: ipi inamjenga, ipi inammaliza?

Bongo siku hizi hakuna matatizo tena, kuna changamoto tu. Dawa zikiisha, changamoto. Mshahara ukichelewa, changamoto. Daktari mmoja akikesha na wodi tatu peke yake, nayo changamoto. Neno lenyewe lina harufu ya kuchangamka, yaani jambo linalokuamsha ufanye vizuri zaidi. Sisi tumeligeuza blanketi la kufunikia kila kitu.

Naandika hasa kwa ajili yenu vijana wa PCB mnaopiga hesabu za kusoma udaktari, iwe hapa UDOM au kwingine. Mtaambiwa "udaktari ni wito, vumilia". Sawa. Ila uvumilie kipi na ukatae kipi?

Tuanze na changamoto ya kweli. Mwaka 2016 huku kwetu kanda ya kati, Chemba na Kondoa, na upande wa Manyara kule Kiteto, watu walianza kufika hospitali macho ya njano na matumbo yamejaa. Haikujulikana ni nini. Ikabidi wagonjwa waulizwe mpaka walichokula nyumbani, damu ipimwe, mahindi yapimwe. Ikaja kuonekana ni sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Waliougua walizidi 60 na karibu 20 wakafariki. Kazi kama ile inachosha na inaumiza roho, lakini ugumu wake umeletwa na ugonjwa. Daktari akitoka hapo anajua kitu ambacho jana hakukijua, na mgonjwa anayefuata anafaidika.

Sasa ile nyingine. Januari 2012 mgogoro ulianzia kwa madaktari wa intani pale Muhimbili, chanzo kikiwa posho kuchelewa. Mgomo ukasambaa, ukatulia, ukarudi tena Juni. Madai yalikuwa mshahara wa kuanzia milioni 3.5, lakini pia vitendea kazi na mazingira ya kazi. Usiku wa Juni 26 kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, akapigwa vibaya na kutupwa Mabwepande. Tusidanganyane, wagonjwa nao waliumia kwa mgomo ule. Lakini posho iliyochelewa haikumfundisha yeyote kutibu.

Mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi. Machi 2017 madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu, na Tanzania ikakubali kuwapelekea madaktari 500. Mpango ukakwama mahakamani kule Kenya. Aprili, Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapa hapa. Kumbe walikuwepo! Walikuwa mtaani na vyeti vyao wakati wenzao wanakesha peke yao wodini.

Kuna atakayesema mbona sheria ipo. Ndiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa siku zisizidi 12 ukijumlisha na za ziada. Dharura zina msamaha wake, na hospitali lazima iwe na dharura. Ila dharura ya kila siku, Januari mpaka Desemba, hiyo ni uhaba wa watu umevikwa koti jeupe.

Na wala si ugonjwa wa Afrika peke yetu. New York mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki saa chache baada ya kulazwa, akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa kazini saa nyingi mno. Baba yake alipiga kelele mpaka mwaka 1989 jimbo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Bado nyingi, lakini angalau kikomo kikawepo.

Kwa hiyo mimi napima kwa maswali matatu. Ugumu huu umeletwa na ugonjwa, au na mtu fulani ofisini ambaye hakufanya kazi yake? Saa nane usiku ukikwama, una mkubwa wa kumpigia simu akapokea? Na ukiisha, mgonjwa wa kesho atapata daktari aliyeiva zaidi au aliyechoka zaidi?

Majibu yakiwa mabaya, msiite changamoto. Iteni kwa jina lake, muandike barua, mpeleke kwenye chama chenu. Anayevumilia kimya kimya glavu zisizokuwepo anamrahisishia maisha yule aliyetakiwa kuzinunua, na bili analetewa mgonjwa.

Nawasilisha. Wadau mlio wodini, nyie mnapimaje?