Kazi ni kurudi juu

Ndugu msomaji, ukimwambia mfanyabiashara wa Kobero anayesubiri mzigo wake uvuke kutoka Kabanga kwamba kuna watu waliowahi kuishi mwezi mzima chini ya bahari, atakucheka na kukuuliza walikuwa wanakula nini. Lakini jambo hilo lilitokea. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques Cousteau aliweka nyumba ya chuma katika Bahari ya Shamu, kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan. Ilikuwa kiasi cha mita 10 chini ya maji. Wanaume watano waliishi humo mwezi mmoja, wakila vizuri, wakivuta sigara, na kasuku wao pembeni. Wawili walishuka kwenye kibanda kidogo chini zaidi wakakaa wiki nzima. Filamu ya maisha yale ilipata tuzo ya Oscar, na banda walilokuwa wakiegeshea chombo chao cha kuzamia limebaki palepale chini ya maji.

Habari hizo nilizisoma katika kitabu kikuukuu cha mwalimu wetu wa fizikia, nikiwa kidato cha tatu huko Mishamo, Tanzania, nilikozaliwa na wazazi waliokimbia mwaka 1972. Enzi hizo nilivutiwa na kule kuzama. Leo nina miaka 45, nafundisha upande huu wa mpaka, na kinachonikosesha usingizi ni namna watu wale walivyorudi juu.

Niruhusu nieleze kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Kila mita 10 za maji humwongezea mtu mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Akipumua huko chini, gesi hupenya katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, ile gesi hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa njia nzima kwenye baiskeli kisha ikafunguliwa ghafla. Mapovu hayo hulemaza na huua. Kwa hiyo zamani mpiga mbizi alifanya kazi dakika chache, akatumia saa nyingi kupanda.

Aliyebadilisha mambo ni daktari wa jeshi la maji la Marekani, George Bond. Kuanzia mwaka 1957 alifanya majaribio kwa wanyama, halafu kwa watu, akaonyesha kwamba mwili hushiba. Baada ya takriban siku nzima hauwezi kupokea gesi zaidi. Aliyekaa siku mbili na aliyekaa mwezi, muda wao wa kupanda ni uleule. Basi mwache mtu akae kulekule, apande mara moja tu, polepole. Kutoka mita 100 huchukua siku nne hadi tano, na sijasikia mpiga mbizi akiitwa mvivu kwa sababu hiyo.

Wamarekani nao wakajenga nyumba zao, wakaziita Sealab. Ya kwanza ilishushwa mwaka 1964 karibu na Bermuda, ya pili mwaka 1965 mbele ya pwani ya California, mita 62. Humo Scott Carpenter, ambaye alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kwa chombo cha angani, alikaa siku 30. Kwa kuwa naitrojeni hulevya kwenye kina kirefu, walipumua heliamu, na heliamu hugeuza sauti ya mtu ikawa kama ya bata. Rais Johnson alipozungumza naye kwa simu, Carpenter akiwa bado ndani ya chumba cha kurudishia mwili katika hali yake, shujaa huyo alikuwa analialia kama kifaranga.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka 2008 niliporudi (nasema niliporudi, ingawa sikuwahi kuwapo), Kirundi changu kilikuwa cha jikoni kwa mama, nusu yake Kiswahili. Nilisoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Siku ya tatu mkurugenzi mmoja wa shule alinikabidhi chaki na darasa la fizikia, kwa Kifaransa. Wanafunzi waliniiga mpaka nje ya geti. Mimi nilikuwa mtu mzima, niliweza kuvumilia.

Sealab ya tatu iliishia kwenye msiba. Februari 1969, mita 185 chini, Berry Cannon alikufa wakijaribu kuziba uvujaji, na mradi ukafungwa. Nyumba za baharini zikaanza kuachwa, lakini kampuni za mafuta zilishika elimu ile. Siku hizi wapiga mbizi huishi wiki kadhaa katika vyumba vya chuma juu ya meli, mgandamizo ukiwa uleule wa kule chini, na hushushwa kazini ndani ya kengele ya chuma.

Katika vyumba kama hivyo, tarehe 5 Novemba 1983, kwenye mtambo wa Byford Dolphin, Bahari ya Kaskazini, kengele ilifunguliwa kabla mlango wa chumba haujafungwa. Mgandamizo ulishuka kutoka mara tisa ya ule wa nje hadi mara moja, kufumba na kufumbua. Wapiga mbizi wanne walikufa papo hapo, na mhudumu mmoja aliyekuwa nje. Wale wanne walikuwa wamekwisha toka baharini, msomaji. Walikuwa juu, karibu na wenzao, ukuta wa chuma tu katikati.

Nasema haya kwa sababu tangu mwaka 2017 ndugu zetu wengi wamerudi kutoka kambi za Kigoma, na watoto wao tunawapima siku wanayoshuka kwenye basi. Ninachoomba ni muhula mmoja wa lugha kabla ya mtihani wowote. Najua madawati hayatoshi na walimu hatutoshi. Hata hivyo mtoto anayeshushwa madarasa mawili kwa sababu ya Kifaransa huacha shule, na baadaye tunamkuta mpakani akisukuma baiskeli ya mtu mwingine.

Darasani kwangu wamefika wanne kutoka Nduta. Mmoja, msichana wa miaka 13, hupiga hesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, akiziba mdomo kwa mkono. Mtihani ni Jumatatu ijayo.